Bruckner namba 8 ya Karajan na Vienna, 1988: hukumu ya mpiga tromboni wa Moshi

Asiye na muda asome hapa tu aondoke zake: ukitaka rekodi moja ya simfonia ya nane ya Anton Bruckner, moja tu ya kukaa nayo, chukua hii ya mwongozaji Herbert von Karajan na okestra ya Vienna Philharmonic, iliyorekodiwa Novemba 1988 kwenye ukumbi wa Musikverein kule Vienna, lebo ni Deutsche Grammophon. Siyo kwamba haina kasoro, Scherzo yake, yaani sehemu ya pili kati ya nne, mimi inanichosha na nitaisema huko chini bila kuona aibu, ila lile jambo ambalo rekodi nyingi za hii simfonia zinafeli hii imefaulu, yaani ikifika dakika ya themanini tarumbeta bado zina kitu cha kusema.

Nazitaja tarumbeta kwa sababu mimi naisikilizia hapo. Napuliza tromboni ya pili kwenye kikundi cha tarumbeta cha usharika mmoja wa KKKT, kanisa la Kilutheri, hapa Moshi, Jumapili tenzi, Jumamosi harusi, Pasaka alfajiri tuko makaburini na baridi ya mlima inakata vidole, sasa mtu wa aina hiyo ukimpa simfonia hatakwambia kwanza habari za violini, atakwambia hawa jamaa wa nyuma wanapumulia wapi. Nilimpa mzee wetu wa tuba asikilize Adagio, ile sehemu ya tatu ya taratibu, kwenye hedifoni zangu, mzee ambaye amepuliza tangu enzi vifaa vyote vya kikundi viko viraka viraka, akakaa kimya muda mrefu halafu akavua hedifoni sikio moja akaniuliza, "Kijana, hawa watu wana mapafu mangapi?" Nikamwambia meku (mzee), wanane wako kwenye honi peke yake, yale mabomba ya shaba yaliyozungushwa, wanapokezana. Akasema hata hivyo. Akarudisha hedifoni.

Na mpiga tarumbeta yeyote wa huku anajua kitu ambacho wachambuzi wengi wa Ulaya hawakisemi kwa sababu hawajawahi kupuliza msafara wa harusi kutoka kanisani mpaka ukumbini: mdomo ukishachoka hauna mazungumzo. Unaweza kuwa na noti zote kichwani, mdomo unakataa, sauti inatoka nyembamba yenye mchanga, na kibaya zaidi ukichoka ndipo unapopuliza kwa nguvu ili kuficha, ndiyo hapo watu wanaziba masikio. Bruckner namba 8 ni mtihani wa hilo kwa okestra nzima. Ina vilele vingi, kila kimoja kinakutamanisha umwage kila kitu, na mwongozaji asiye na akili akishamwaga kwenye sehemu ya kwanza, hiyo ya mwisho utasikia makelele tu.

Kwa ambao hawamfahamu huyu bwana. Bruckner alizaliwa 1824 Ansfelden, kijiji cha Austria, mtoto wa mwalimu wa shule, baba yake akafa 1837 akapelekwa monasteri ya St. Florian kuimba kwaya ya watoto, naye akawa mwalimu wa shule, baadaye mpiga kinanda wa kanisa kuu la Linz, akaenda Vienna 1868 akiwa mtu mzima na lafudhi yake ya shamba. Mkatoliki wa kusali kwelikweli. Alikuwa na tabia ya kuhesabu kila kitu, mpaka mistari ya muziki wake mwenyewe. Yaani ni yule mwalimu wa kwaya ambaye kila usharika unaye, suruali fupi, hana maneno mengi, halafu siku moja anatoa wimbo unashangaa huyu mtu huwa anaishi wapi kichwani mwake.

Hii ya nane aliimaliza 1887 akikaribia miaka 63, akampelekea Hermann Levi, mwongozaji mkubwa wa Munich aliyekuwa amemfanyia mazuri kwenye ile ya saba, na Bruckner alikuwa akimwita baba yake wa sanaa. Levi akaisoma hakuielewa. Hakuwa na ubavu wa kumwambia mwenyewe moja kwa moja, akaanza kwa kumwandikia Joseph Schalk, mwanafunzi wa Bruckner, ili ndiye apeleke habari. Mzee aliumia vibaya sana. Akarudi mezani, akaipanga upya mpaka 1890, akafuta, akabadilisha, na kilichotoka kimekuwa kizuri kuliko cha mwanzo, na hili nalisema nikiwa nimesikiliza zote mbili. Kwa mfano ile ya 1887 sehemu ya kwanza inaishia kwa kishindo, hii ya 1890 inaishia kwa kuzima, na kwenye kilele cha Adagio matoazi yaligongwa mara sita, akapunguza yakabaki mawili. Mawili yanatosha. Ilipigwa mara ya kwanza Vienna 18 Desemba 1892, mwongozaji Hans Richter, okestra ni hii hii ya Vienna Philharmonic, na mwaka uliofuata ndio Walutheri wa Leipzig wakaingia Kilimanjaro, walewale tuliorithi kwao huu utamaduni wa kupuliza tenzi. Sisemi kuna uhusiano, ila nikiwaza kwamba ni watu wa zama moja na masikio ya zama moja basi naelewa kwa nini ile koro ya tuba kwenye Adagio, kipande kinachotembea kama utenzi, haikunisikikia ngeni hata siku ya kwanza.

Sasa rekodi yenyewe. Kikosi ni kikubwa, honi nane, na wanne kati ya hao wanane kuna mahali wanaweka honi chini wanashika tuba za Wagner, ni ala fulani yenye umbo kama tuba ndogo lakini unapuliza kwa kile kipande cha mdomoni cha honi, sauti yake iko katikati, nzito bila kuwa na ukali. Tarumbeta tatu, tromboni tatu, tuba moja ya besi. Vinubi, na Bruckner aliomba viwe vitatu ikiwezekana, ndiyo simfonia yake pekee aliyoweka vinubi. Na hawa Vienna wana mambo yao, honi wanazotumia ni za kizamani za F, bomba jembamba, valvu za kwao peke yao, ni ngumu kupuliza na noti inaponyoka kirahisi, ila ukiipata inatoka na nyama ambayo honi za kisasa hazina. Tarumbeta zao nazo ni za valvu za kuzunguka, siyo hizi za pistoni tunazopuliza huku, kwa hiyo hata zikipigwa kwa nguvu hazichomi. Hii ni nusu ya sababu ya kuipenda hii rekodi, na Karajan hastahili sifa kwa hilo, amelikuta.

Sehemu ya kwanza, dakika 17 hivi. Inaanza kama mtu anayetafuta swichi gizani, violini zinatetemeka, honi imeshika noti moja, na mada yenyewe, ule wimbo mkuu, inatoka huku chini kwenye viola, sello na besi. Waongozaji wengi hapa wanaanza kuigiza siri, wanavuta, wanapunguza mpaka husikii. Karajan haigizi. Anaiacha itembee mwendo wake mmoja tu na huo mwendo hauachii mpaka mwisho. Kuna kile kilele cha karibu na mwisho ambapo honi na tarumbeta zinashika noti moja, zinagonga mdundo wa ile mada tena na tena na tena huku okestra yote inachemka chini yake, halafu ghafla kila kitu kinaondoka zinabaki timpani, zile ngoma kubwa, na pumzi. Bruckner alisema hapo kifo kinajitangaza. Sikiliza tarumbeta za Vienna hapo: ni kubwa, ni kubwa sana, ila bado ni noti, unaisikia kiini chake, haijageuka bati. Nimejaribu rekodi nyingine ambazo hapo hapo zimeshafika mwisho wa uwezo, ukiisikia unajua hakuna kitakachozidi hiki na bado saa nzima iko mbele. Karajan anaigawa sauti kama mama mwenye kilo moja ya nyama na wageni kumi, kila mtu anapata na sufuria halijakauka.

Halafu ile kuzima ya mwisho wa sehemu ya kwanza, viola zinarudia kipande kidogo, kinapungua, kinapungua, Bruckner aliifananisha na saa ya ukutani kwenye chumba cha mtu anayekufa, yeye anakufa saa inaendelea kugonga. Karajan hapa hapunguzi mwendo hata kidogo. Ni sahihi kabisa, saa haimsubiri mtu.

Scherzo. Hapa ndipo tunagombana. Imeandikwa Allegro moderato, yaani haraka ya wastani, na hii inachukua zaidi ya dakika 16 kwa ujumla, ambao ni mwendo mzito, na ule mdundo unaorudia rudia ambao ungetakiwa kuwa na kijeuri fulani, Bruckner mwenyewe aliuwazia mtu wa kijijini, mkulima wa Kijerumani, mbishi, mwenye mabega, hapa umekuwa mtu anayepanda mlima akiwa amebeba gunia. Kuna wanaosema ndiyo uzuri wake, uzito huo. Mimi nakataa, unarudia mdundo mmoja mara zote hizo kwa mwendo huo mtu anaanza kuangalia simu. Trio ya katikati inaokoa, vinubi vinaingia kwa mara ya kwanza na Vienna wanapiga nyuzi kama hawana haraka ya dunia hii, nzuri, lakini halafu Scherzo inarudi yote kama ilivyokuwa. Basi.

Adagio.

Ni dakika 25 na sekunde kadhaa na ningeweza kuandika siku nzima juu yake. Inaanza na nyuzi zinazosukuma taratibu kwa mdundo usiokaa sawa, violini juu yake zinaimba kitu ambacho hakijui kinataka kwenda wapi, kinapanda, kinapanda, kinafika mahali kinafunguka, vinubi vinaingia. Kisha sello zinachukua mada ya pili, na baada yake ndipo tuba za Wagner zinapuliza ile koro niliyoitaja, kimya kimya, sauti nne, na kama umewahi kusimama kwenye kikundi cha tarumbeta ibada ya mazishi ukapuliza utenzi wakati jeneza linashushwa unaijua hiyo sauti, sihitaji kuieleza zaidi. Kinachonishangaza hapa ni upumuaji. Husikii wanapokata. Waimbaji wa kwaya tunafundishwa kupokezana pumzi ili mstari usikatike, sasa hawa wanafanya hivyo kwa ala za shaba, kwa sauti ndogo, na kupuliza kwa sauti ndogo ni kugumu mara tatu kuliko kupuliza kwa nguvu, muulize yeyote.

Karajan alikuwa na miaka 80 wakati huo, mgongo umemharibikia, kutembea kwenyewe shida, na alikuwa kwenye ugomvi na okestra yake ya Berlin aliyokuwa ameiongoza zaidi ya miaka thelathini, Aprili 1989 akajiuzulu, Julai 1989 akafa. Watu wanapenda kusema unasikia kifo humo ndani. Mimi sitaki kwenda huko, mtu akishakufa kila alichofanya mwaka wa mwisho kinaonekana kama kuaga, na mzee alikuwa na mipango yake kama kawaida, Aprili hiyo hiyo alirekodi ile ya saba na hawa hawa Vienna. Ninachosikia ni mtu ambaye amechoka kuonyesha. Huyu Karajan wa miaka ya nyuma alikuwa na ugonjwa wa kung'arisha, ukisikiliza hii simfonia hii hii aliyoirekodi na Berlin 1975 kila kitu kinameta, tarumbeta zinakuja mbele ya uso wako, unapigwa na butwaa lakini baada ya muda umeshiba. Hapa 1988 ameacha vitu vikae. Na kwa kuwa tunasema ukweli: huyu alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi ujana wake, hilo halifutiki, na kila mtu ataamua mwenyewe anakaaje nalo. Mimi nasikiliza, ila simsifii kama mtakatifu.

Kilele cha Adagio kinakuja kuelekea mwisho, matoazi mawili na triango, na ndicho kilele pekee kwenye simfonia nzima kinachopewa vitu hivyo. Karajan amekisubiri. Kabla yake kuna mahali pa utulivu ambapo mwongozaji mwenye wasiwasi angeshaanza kukimbia, yeye wala. Matoazi yanapogonga hayasikiki kama ajali, ni kama yalikuwa yanatakiwa kuwepo muda wote huo. Halafu ule mkia mrefu, honi na tuba zinajibizana na violini, dakika kadhaa za kushuka tu, hakuna kinachotokea na hutaki kiishe.

Sehemu ya mwisho inaanza kwa fujo, nyuzi zinakimbia kama farasi, ni Bruckner mwenyewe alisema ni wapanda farasi wa Kikosaki, mfalme wa Austria anakutana na wa Urusi, na tarumbeta na tromboni zinaingia juu yake kwa tangazo la kutetemesha ukuta, timpani zinajibu. Hapa kuna kasoro ndogo ya kirekodi, timpani ziko laini kidogo kuliko ninavyopenda, zimekaa nyuma, ningependa zinigonge kifua. Tromboni lakini mwanangu! Zimepangika, sauti tatu kama mtu mmoja, na ukiwa mpiga tromboni unajua hilo halitokei kwa bahati, ni watu wanaokula pamoja na kufokeana pamoja miaka.

Katikati ya sehemu hii kuna upweke, Bruckner anasimama, anaanza tena, anasimama, na wengi wanapotelea humo, hata mimi nikimpa mtu mgeni hii simfonia namwambia humo katikati ukichoka ni sawa, usizime tu. Kwa sababu koda, kile kipande cha kufungia. Inaanza chini kabisa, C maina, giza, tuba zinasogea hatua kwa hatua, na unajua anaelekea wapi ila anachelewesha, halafu jua linatoka kwenye C meja na mada za sehemu zote nne zinapigwa kwa pamoja kwa wakati mmoja. Zote nne. Ile ya Scherzo iko juu, ile ya Adagio iko katikati, ile ya sehemu ya kwanza iliyoanzia gizani kwenye sello sasa iko huku kwetu kwenye tromboni na ndiyo imekuwa msingi wa nyumba. Kwenye rekodi nyingi hapa unasikia ukuta wa kelele na lazima uambiwe kwamba mada nne zipo. Hapa unazisikia, kwa sababu hakuna anayepiga kelele, kwa sababu hakuna mdomo uliochoka, na ndipo ile hesabu yote ya sufuria inalipa. Mwisho kabisa okestra yote inaungana kwenye noti tatu, na wanakwaya wenzangu mtacheka, ni mi, re, do. Mi re do! Yaani dakika 83 za mateso ya kila aina, jibu ni zile noti tatu anazofundishwa mtoto wa kwaya siku ya kwanza. Nilimwonyesha mwalimu wetu wa kwaya akaniambia basi huyo naye alikuwa mwalimu.

Rekodi nyingine, kwa ambao watauliza. Sergiu Celibidache na Munich Philharmonic, 1993, ni ya moja kwa moja ukumbini, inazidi dakika 100, Adagio peke yake dakika 35. Yeye alikuwa hataki kabisa mambo ya kuuza rekodi, hizi zimetoka baada ya kifo chake 1996. Kuna watu wanaiabudu. Mimi naiheshimu, ukiwa na usiku mzima na moyo umetulia inakupeleka mahali, lakini kwenye koda namhurumia mpiga tarumbeta, huo mwendo ni adhabu. Pierre Boulez naye ana ya 1996, Vienna hao hao, wakaenda kuipigia kanisani St. Florian kwenyewe ambapo Bruckner amezikwa chini ya kinanda, na nilitegemea Boulez mwenye sifa ya ubaridi anilaze usingizi, kumbe wapi, inatembea, safi, kila sauti unaiona, Scherzo yake inamshinda Karajan mbali sana. Ukiona dakika 83 ni nyingi anza na hiyo, iko kwenye 76. Günter Wand na Berlin, Januari 2001, mzee wa miaka 89, nayo ni ya kukaa nayo, pengine ndiyo inayoifuata hii kwa karibu zaidi, imara, haina urembo. Na ukitaka moto kuna Wilhelm Furtwängler na Vienna, Oktoba 1944, vita iko mlangoni, sauti ya rekodi ni ya zamani inakwaruza lakini mwendo unapanda unashuka kama mtu mwenye homa. Siyo ya kuanzia.

Mtakutana na maneno Haas na Nowak kwenye majalada, msiogope. Robert Haas alichapisha toleo lake 1939, alichukua lile la 1890 akarudishia vipande kadhaa vya 1887 ambavyo aliona Bruckner alivikata kwa kushinikizwa. Leopold Nowak 1955 akasema hapana, alichokata mwenyewe kikatwe, akachapisha 1890 kavu. Kwa kanuni Nowak ana haki. Kwa masikio yangu Haas ana haki, kwa sababu kile kipande cha utulivu kabla ya kilele cha Adagio ambacho nimemsifia Karajan kwacho ni cha Haas, ukikitoa kilele kinakuja mapema kama mgeni aliyefika watu hawajavaa. Karajan, Wand na Boulez wote wanatumia Haas, Celibidache Nowak.

Vifaa sasa, maana hapa ndipo watu wanaharibu. Hii simfonia usiisikilize kwenye spika ndogo ya bluetooth, nasema kwa herufi kubwa USIISIKILIZE, zile spika zina kidundo cha bongo fleva lakini besi halisi za nyuzi na tuba haziwezi, unabaki na violini na tarumbeta nusu, nusu ya muziki imebaki ndani ya waya. Hedifoni za kufunika sikio, hata za bei ya kawaida za madukani pale Double Road, zinatosha kabisa kuliko spika. App za bure zinazoweka matangazo nazo zikwepe, mimi nilishawahi kukatizwa Adagio na dada anayetangaza bando la usiku, nilitaka kulia. Pakua kabisa, na hakikisha umepakua sehemu zote nne, kuna mahali wanaiweka kwa vipande na mtu anasikiliza Adagio tu anadhani amemaliza. Ukipata CD zenyewe ni mbili, haienei kwenye moja.

Na kwenye basi pia hapana. Najua inatamanisha, Moshi mpaka Arusha ni kilomita 80 hivi na simfonia ina dakika 83, unasema nitaanza stendi nimalizie Arusha, nimejaribu. Ile saa ya kifo ya mwisho wa sehemu ya kwanza ilinikuta Boma Ng'ombe wapiga debe wanagombania abiria, sikusikia hata noti moja, nikapandisha sauti ili nisikie viola, halafu Scherzo ikaingia nusu inipasue ngoma ya sikio. Hii rekodi ina umbali mkubwa sana kati ya kimya chake na kelele yake, ndivyo ilivyorekodiwa na ndiyo afya yake, inataka chumba. Usiku baada ya saa nne majirani wakishazima redio panafaa, au kama una funguo za kanisa na mwinjilisti wenu ni mwelewa, chomeka kwenye spika za kanisa siku ya katikati ya wiki, sisi tulifanya hivyo na kikundi kizima, tukasikiliza sehemu ya mwisho tu, na mazoezi yaliyofuata tromboni ya kwanza aliacha kupayuka kwenye ubeti wa kwanza.